Ubao wa Kijiji na Ubao wa Darasa

Nje ya ofisi za vijiji vingi vya Tanzania Bara, chini ya mwembe au ukutani karibu na mlango, hutundikwa ubao ambao juu yake hubandikwa karatasi zenye tarakimu: kiasi cha fedha kilichoingia katika hazina ya kijiji kwa muda wa miezi mitatu, kiasi kilichotoka, na mambo ambayo kilitumiwa. Utaratibu wa serikali za mitaa wataka hivyo, na wataka zaidi ya hivyo, yaani hesabu hiyo isomwe mbele ya mkutano mkuu, ambao wajumbe wake ni wakazi wote wa kijiji waliotimiza umri wa miaka 18. Kila siku ya Mungu watoto wa shule hupita mbele ya ubao huo, asubuhi wakienda na alasiri wakirudi, madaftari yao ya Uraia yamo mikobani, na ndani ya madaftari hayo mmeandikwa kwa hati safi maana ya serikali, aina za serikali, mihimili ya dola na sifa za kiongozi bora. Wala haiwapitikii akilini kwamba karatasi ile iliyopauka kwa jua ndiyo serikali yenyewe, na daftari ni kivuli chake.

Mimi nilikuwa mmoja wa watoto hao. Mwalimu wetu, ambaye alikuwa mtu mwema na mwenye hati ya kupendeza, alituandikia ubaoni tafsiri ya demokrasia, tukainakili, tukaikariri kwa sauti moja kama watoto wa chuoni wanaosoma juzuu, na juma lilo hilo, siku ya Ijumaa, tukaitwa mstarini tukatangaziwa jina la kiranja mkuu mpya ambaye hapana hata mmoja wetu aliyeulizwa habari zake. Tulipiga makofi. Hatukuona kinyume chochote baina ya tafsiri ile na makofi yale, na hadi leo nikikumbuka nastaajabu, si kwa sababu walimu walimteua kiranja, maana huenda walikuwa na hoja zao, bali kwa sababu sisi sote, watoto zaidi ya mia tatu waliokuwa wamefaulu jaribio la Uraia, hatukuwa na hata swali.

Makala haya yahusu namna ya kuwafanya watoto wawe na swali.

Yafaa kuanza na maneno yenyewe, kwa kuwa lugha yetu imehifadhi ndani yake historia ambayo mwalimu aweza kuitumia bila ya gharama. Neno raia lilitujia kutoka Kiarabu, na huko kwao asili yake ni kundi lichungwalo. Na katika Kiswahili cha zamani cha pwani raia alikuwa mtu aliye chini ya mamlaka ya sultani, mwenye kulindwa na kutozwa, asiyeshauriwa jambo. Neno siasa, ambalo leo watu wengine hulitamka kama wanaotema kitu kichungu, wazee wa pwani walilitumia kwa maana ya upole na uangalifu, hata mtu akaambiwa aende kwa siasa, yaani pasi papara. Katiba, kitabu na katibu ni watoto wa shina moja, shina la kuandika. Mpe mwanafunzi wa darasa la sita maneno hayo matatu, kisha umsomee Ibara ya 8 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, isemayo kwamba mamlaka yote ya serikali hutoka kwa wananchi, halafu umwulize ni lini na kwa njia gani mchungwa aligeuka kuwa mwenye zizi. Nimeona swali hilo likizua ubishi ambao kengele haikuweza kuukata.

Somo lenyewe lina nasaba yake. Baada ya uhuru lilifundishwa kwa jina la Siasa, na kwa miaka mingi lilibeba itikadi ya chama kilichotawala. Ulipokubaliwa mfumo wa vyama vingi mwaka 1992, likavuliwa vazi hilo likaitwa Uraia, na katika mabadiliko ya mitaala ya miaka ya karibuni likaungana na maadili na historia. Majina yamebadilika mara nyingi kuliko mwendo wa kufundisha. Tena kuna jambo moja katika nasaba hiyo ambalo hukumbukwa nusu. Machi 1967, mwezi mmoja baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Julius Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, na kila aliyesoma katika shule zetu baada ya hapo alikutana na tunda lake la dhahiri, nalo ni jembe. Lakini Mwalimu hakuagiza jembe peke yake. Alitaka wanafunzi washiriki katika kuamua shamba la shule liendeshwe vipi na mapato yake yatumiwe kwa jambo gani, ili wajifunze kwa vitendo matokeo ya uamuzi wao wenyewe, mema na mabaya. Katika shule nyingi jembe lilibaki na kauli ikapotea: watoto walilima, mahindi yakauzwa, na fedha zikaenda wasikokujua. Kwa rai yangu hapo ndipo somo la Uraia lilipopungukiwa, na njia zote nitakazozitaja hapa chini, hata zile zionekanazo kama michezo, ni njia za kumrudishia mtoto kauli ile.

Iliyo nyepesi kuliko zote ni uchaguzi wa viranja, nao waweza kuwa somo la mwezi mzima mwalimu akikubali kwenda taratibu. Siri yake moja, ambayo walio wengi huiruka, ni kuliacha darasa liandike kanuni za uchaguzi kabla halijajua wagombea ni nani. Maana mtu akishajua kuwa rafiki yake atagombea, kila kanuni huipima kwa faida ya rafiki yake, ilhali asiyejua hulazimika kuandika kanuni atakayoistahimili hata akishindwa. Waamue wenyewe muda wa kampeni, waamue kama peremende ni rushwa, waamue nani atahesabu. Kisha liwepo sanduku, japo la katoni ya sabuni, karatasi zikunjwe, kura zihesabiwe kwa sauti mbele ya wote, na aliyeshindwa apewe nafasi ya kunena kwanza kabla ya mshindi. Baada ya hapo aliyechaguliwa akabidhiwe jambo la kweli la kuliamua, kwa mfano zamu za usafi, au zamu za kutumia uwanja, au utaratibu wa kugawana vitabu vichache vilivyopo, na kila mwisho wa mwezi asimame mbele ya wenziwe atoe taarifa na aulizwe maswali. Kama hana la kuamua, basi uchaguzi ule ulikuwa ngoma ya watoto, ambayo, kama tujuavyo, haikeshi.

Katika majuma hayo ya uchaguzi mwalimu aweza kuwatuma wanafunzi nyumbani na kazi ambayo wazee wao wataifurahia. Mwaka 1965 Tanzania ilifanya uchaguzi mkuu wake wa kwanza chini ya chama kimoja, na katika majimbo mengi ya Bara walisimama watu wawili wa chama kilekile, mmoja akipewa alama ya jembe na wa pili alama ya nyumba, ili asiyejua kusoma naye apate kuchagua. Na katika uchaguzi huo hata Waziri wa Fedha, Paul Bomani, alikosa kiti chake. Waliopiga kura siku ile sasa ni wazee wa umri wa zaidi ya miaka themanini, na wanapungua, kwa hiyo kazi hii haingoji. Mtoto na aende kwa babu au bibi, amwamkie, akae mkekani, amwulize foleni ilikuwaje, nani alikuja kunadiwa, na watu walisema nini matokeo yalipotangazwa. Akimwuliza bibi yake alichagua jembe au nyumba, huenda bibi akamjibu kuwa hiyo ni siri yake na Mola wake. Na jibu hilo mtoto akirudi nalo darasani, mwalimu hana haja tena ya kueleza maana ya kura ya siri. Asiye na mzee wa umri huo atampata mjomba au shangazi aliyepiga kura mara ya kwanza mwaka 1995, vyama vingi viliposhindana katika uchaguzi mkuu baada ya miongo mitatu.

Sasa nije kwenye maharage, ambayo mimi nayapenda kuliko njia nyingine zote, na msomaji aniwie radhi nikikaa hapo kidogo.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, serikali ilipofuta ada ya shule za msingi, ilipanga kiwango cha ruzuku ya uendeshaji cha shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Mwalimu na achukue kiwango hicho, aseme shule ina wanafunzi 400, na wanafunzi wapige hesabu wenyewe: shilingi 4,000,000. Kila punje ya maharage iwe shilingi 100,000, na punje 40 ziwekwe katika sahani mezani, mbele ya macho ya wote. Kisha darasa ligawanywe katika makundi sita, na kila kundi lipewe haja moja ya kuitetea. La kwanza lasema paa la darasa la pili lavuja, lataka punje 18. La pili, ambalo aghalabu huwa la wasichana na liwe lao, lataka chumba cha kujisitiri kando ya choo, punje 14. La tatu lataka kutengenezewa madawati, 12. La nne lataka chaki na karatasi za mitihani, 9. La tano lataka mshahara wa mlinzi, 9 vilevile. La sita lataka mipira na nyavu, 5, na husema kwa unyonge kwa kuwa lajua litachekwa. Jumla ya matakwa ni punje 67, na sahani ina 40.

Hapo mwalimu anyamaze. Hilo ndilo gumu kuliko yote kwa mwalimu, kunyamaza, lakini akiweza atasikia serikali nzima ikizaliwa mbele yake. Atainuka mtoto aseme kila kundi lipunguziwe sawasawa, na mwenziwe atamjibu kuwa nusu ya paa haizuii mvua. Atainuka mwingine aseme wazazi wachangishwe, na bila ya kujua atakuwa amevumbua kodi. Na wa tatu, ambaye mama yake huuza mchicha, atauliza kama tajiri na maskini watatoa sawa, na bila ya kujua naye atakuwa amefika katika mjadala ambao mabunge ya dunia hayajaumaliza. Mjanja wa nyuma atashauri zikopwe punje za mwaka ujao. Mwalimu na amruhusu, ila mwaka ujao, yaani kipindi kijacho, sahani ianze na punje pungufu, zile zilizokopwa pamoja na moja au mbili za riba, na mjanja yule awaeleze wenziwe zimekwenda wapi. Atainuka pia wa kuuliza kwa nini kundi la mipira halisikilizwi, kama ni kwa sababu haja yake ni ndogo au ni kwa sababu wenye haja hiyo ni wachache. Na swali hilo, la haki ya walio wachache mbele ya walio wengi, nimeliona likiandikwa vitabuni kwa kurasa nyingi pasipo kueleweka, ilhali mbele ya sahani ya maharage huelewa hata mtoto wa miaka 11.

Wanafunzi waliopita katika sahani hiyo, ufikapo mwezi Juni Waziri wa Fedha anaposoma bajeti Dodoma kabla ya mwaka wa fedha kuanza tarehe 1 Julai, wakae karibu na redio wamsikilize. Hawatafahamu yote, wala sisi hatufahamu yote, lakini watajua anafanya nini: anasimama mbele ya sahani isiyotosha, na watu wanamtazama.

Ziko nchi zilizopeleka michezo ya namna hii katika kompyuta. Sandra Day O'Connor, mwanamke wa kwanza kuwa jaji katika mahakama ya juu kabisa ya Marekani, alipostaafu alianzisha mwaka 2009 mradi wa michezo ya kompyuta, ambao sasa huitwa iCivics, ili watoto wa huko wajaribu kazi za mahakama, bunge na urais. Ni jambo jema kwa wenye umeme. Maharage yana faida moja juu ya kompyuta, nayo ni kwamba kipindi kikiisha yaweza kupikwa.

Baada ya hazina ni mahakama. Hapa kesi iwe ndogo na ya nyumbani: mbuzi wa jirani ameingia shambani mwa shule akala mahindi, na mwenye mbuzi asema ua ulikuwa wazi. Awepo hakimu, awepo mdai na mdaiwa, wawepo mashahidi ambao kila mmoja amepewa kikaratasi chenye mambo aliyoyaona na hana ruhusa ya kuongeza. Lugha ya Mahakama ya Mwanzo ni Kiswahili, kwa hiyo istilahi zake mtoto anazo tayari au atazipata kwa siku moja: hati ya madai, ushahidi, kiapo, hoja, hukumu, rufaa. Mambo haya wanafunzi huyaigiza kwa furaha, na mara nyingi mno mchezo huishia katika furaha hiyo, wakacheka, wakapiga makofi, wakaenda zao. Ili mchezo uwe somo yatosha kanuni moja: aliyemtetea mwenye mbuzi Jumatatu aitetee shule Jumatano. Mtoto aliyelazimika kuzitafuta hoja za yule aliyemwona mwovu siku mbili zilizopita amegusa kitu ambacho Ibara ya 13 ya Katiba yetu yakilinda, yaani kwamba kila mtu ana haki ya kusikilizwa, na kwamba mtuhumiwa wa jinai hatendewi kama mwenye hatia kabla hatia haijathibitishwa.

Yupo mtu aliyekwenda mbali kuliko mchezo. Janusz Korczak, tabibu na mwandishi wa Kiyahudi wa Poland, aliongoza tangu 1912 nyumba ya watoto yatima mjini Warsaw, na humo alianzisha mahakama iliyoendeshwa na watoto wenyewe, yenye sheria zilizoandikwa, ambazo nyingi zake za mwanzo zilikuwa sheria za kusamehe. Mlezi naye aliweza kushitakiwa, na Korczak mwenyewe alisimama mbele ya watoto wale zaidi ya mara moja akaungama makosa yake akangoja hukumu. Mwaka 1942 alipelekwa pamoja na watoto wake katika kambi ya mauaji ya Treblinka. Simtaji kwa kuwa shule zetu ziige kila alilolitenda. Namtaja kwa sababu aliuona ukweli mmoja ambao walimu wengi huuogopa, kwamba mtoto hawezi kuamini sheria isiyomfunga mkubwa wake.

Na hapa sina budi kusema jambo ambalo halitapendeza katika ofisi za walimu. Kuna kanuni za serikali juu ya viboko shuleni. Kwa kanuni zilizotolewa mwaka 2002, viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, na adhabu iandikwe katika kitabu. Mtu aweza kuvipenda viboko au kuvichukia, na mimi nimo katika wanaovichukia; lakini hilo siyo neno langu leo. Neno langu ni kwamba mwanafunzi wetu aweza kukutajia mihimili mitatu ya dola na idadi ya wabunge, asiijue kanuni moja ya sheria inayoufikia mgongo wake mwenyewe. Mwalimu atakayechukua kipindi kimoja, akaisoma kanuni hiyo pamoja na darasa, akawauliza kwa nini serikali iliona haja ya kumwekea mkubwa mipaka, na kitabu kile cha adhabu ni cha nini, atakuwa amefundisha utawala wa sheria kwa uhakika kuliko kurasa kumi. Naam, atahitaji ujasiri, na atahitaji mkuu wa shule mwenye moyo mpana. Bila ya hayo, mahakama ya mbuzi itafungwa saa nne, na saa tano darasa zima litachapwa kwa kelele za watu watatu pasipo mtu kuulizwa, na watoto watajua somo la kweli lilikuwa lipi.

Michezo ya darasani ina mwisho wake, na mwisho huo ni mlango. Kuwatoa watoto nje hakuhitaji basi la kwenda Dodoma, ijapokuwa anayeweza kufika akaketi kwenye ukumbi wa wageni wa Bunge hatajuta. Ofisi ya kijiji au ya mtaa iko karibu, na mtendaji wake, akiombwa kwa adabu wiki moja kabla, hukubali. Ila mwalimu asimwalike mtendaji aje kuhutubia, kwa kuwa atahutubia, na watoto watasinzia. Aende nao kwake wakiwa na maswali matano waliyoyapima wenyewe, na la kwanza lihusu ubao ule wa mapato na matumizi. Wainakili karatasi yake, wajumlishe upya, waone kama hesabu yafikia pale pale. Wakikuta tofauti, wasiropoke. Waandike barua, yenye tarehe, anwani, salamu na haja iliyoelezwa kwa ufupi, wamwombe mtendaji ufafanuzi. Kuandika barua ya namna hiyo na kupokea jibu, hata jibu la mistari mitatu, ni elimu ambayo watu wazima wengi hawajaipata. Jirani zetu wa Kenya wana fursa ya ziada, kwa sababu Katiba yao ya mwaka 2010 imeweka serikali za kaunti 47, kila moja na bunge lake, na imeagiza umma ushirikishwe katika utungaji wa sheria. Kwa hiyo darasa la huko laweza kupeleka maoni yake mahali ambapo sheria yalazimisha yapokewe.

Kwa mwalimu apendaye fasihi iko tafsiri ya Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare, Juliasi Kaizari. Wanafunzi wawili wazisome kwa sauti hotuba mbili zitolewazo mbele ya umati baada ya Kaizari kuuawa, ya Bruto na ya Antoni, na darasa lipige kura baada ya kila moja. Kura hubadilika karibu kila mara. Waulizwe nini kiliwageuza, hoja au machozi, na somo la propaganda limekwisha.

Najua yatakayosemwa na walimu, na wana haki ya kuyasema. Darasa lina watoto themanini, au mia na zaidi, na mahakama haina viti vya kutosha. Kweli, lakini maharage hugawika, makundi sita yaweza kuwa kumi na mawili, na kuna mwalimu niliyemwona akiendesha bunge lake chini ya mti, walio upande wa ndiyo wakisogea kivulini na wa hapana wakibaki juani, hata nikashuku kuwa jua nalo lilipiga kura. Mtihani wa taifa, watasema, hauulizi habari za maharage. Kweli pia, na hilo ni la kuwaambia watunga mitihani. Ila mtoto aliyeigawa sahani ile hasahau maana ya bajeti, na mtihani humwuliza maana ya bajeti.

La lugha ni zito zaidi. Kwa miaka mingi somo hili katika sekondari limefundishwa kwa Kiingereza, na nimemshuhudia kijana ambaye nje ya darasa hubishana juu ya mgawo wa maji wa mtaa wao kwa mantiki iliyonyooka, akiingia ndani akawa bubu. Ni ajabu kwamba Bunge la nchi lanena kwa Kiswahili, Mahakama ya Mwanzo yanena kwa Kiswahili, mkutano wa kijiji wanena kwa Kiswahili, na darasa la sekondari la kuwafunza vijana mambo hayo likanena kwa lugha nyingine. Somo la Historia ya Tanzania na Maadili, lililoletwa na mtaala mpya, hufundishwa kwa Kiswahili, na ni hatua ya kushukuriwa.

Iliyobaki ni hofu ya siasa yenyewe, hofu ya mwalimu kwamba mjadala utageuka wa vyama na yeye aitwe kujieleza. Dawa yake ni ndogo: majina ya vyama na ya viongozi walio madarakani yaachwe mlangoni kama viatu, yaingie maswali. Maji yagawanywe vipi, nani atoe kodi kiasi gani, mwenye mbuzi alipe nini. Watoto wakitofautiana katika hayo kwa sauti ya juu, hakuna sheria iliyovunjwa, na Ibara ya 18 ya Katiba iko upande wao.

Wewe msomaji, kama una mtoto shuleni, au ni mjumbe wa kamati ya shule, mkutano wa wazazi utakapoitwa utasikia habari za michango, za sare na za uji. Yakiisha hayo inua mkono, uulize kwa upole, kwa siasa kama walivyosema wazee: viranja wa mwaka huu walichaguliwa na nani? Kisha uketi, usubiri jibu.